Pumzi Moja Iliyomsimamisha Senka Rackov

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Upepo wa Banat, tambarare ya kaskazini mwa Serbia, bado haujaamka, na kabla haujaamka Senka Rackov lazima awe ameijaza ndege mara tatu.

Amevaa buti za mpira, glavu zinazofika viwikoni na barakoa yenye vichujio viwili mashavuni. Anakoroga dawa ya kuvu kwenye pipa la lita elfu moja, anaikagua rangi yake, kisha anaburuta bomba kwenye nyasi zenye umande hadi ubavuni mwa ndege ya manjano yenye kiti kimoja.

"Washa, Mzee Bandi."

Bandi, fundi wa kiwanja cha ndege, Mhungari wa miaka sitini na sita ambaye hutembea na spana mfukoni hata akienda kanisani, anawasha pampu. "Imewaka, Kapteni. Kuna amri nyingine, au nilete kahawa na gazeti?"

"Lete kimya."

"Kimya kimeisha. Imebaki rakija."

Rakija ni pombe kali ya matunda, na Senka hacheki. Kiwanja kizima cha Velika Bara, yaani watu wanne na mbwa mmoja, kinajua kwa nini hacheki.

Siku nane zilizopita, binti huyu wa miaka ishirini na sita alipuliza kwenye kipima pombe huko Belgrade, katika vipimo vya afya ambavyo kila anayetaka kuwa rubani wa kulipwa lazima avipite. Mashine ikasoma 0.38 badala ya sifuri. Sasa anasubiri majibu ya damu. Chuo cha urubani kinachomshikia nafasi kimempa hadi tarehe 30 Juni awe amepeleka cheti cha afya, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Wapo arobaini kwenye foleni," aliambiwa kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayekuuzia friji la mwisho dukani.

Hilo ndilo linalomsumbua Senka. Yapo mengine yanayopaswa kutusumbua sisi wengine, na tutayafikia.

Tangi limejaa. Anayepanda ndege ni baba yake, Miloje Rackov, mwenye miaka sitini na mmoja, goti moja bovu na saa elfu kumi na nne za kuruka, karibu zote chini ya kimo cha mnara wa kanisa. Alizeti imeshakuwa ndefu mno trekta kupita juu yake, kwa hiyo wenye mashamba wanamhitaji kwa wiki tatu. Baada ya hapo watasahau namba yake ya simu hadi mwakani.

Ndege inaondoka kwa kishindo, inainama juu ya mstari wa miti mirefu ya mipopla, inashuka. Senka haitazami. Ameshaanza kukoroga pipa la pili. Kwa kazi hii analipwa dinari elfu tano na mia tano kwa siku, siku ambazo kuna kazi.

"Watu hudhani nataka kuwa rubani kwa sababu ya baba," anasema, barakoa ikiwa imeshushwa kidevuni. "Baba hajawahi kunirusha. Ndege yake ina kiti kimoja, angenibeba wapi, kwenye tangi? Mimi nilianza kutaka kwa sababu ya mama. Mama ndiye aliyekuwa chini."

Ili kuelewa neno hilo, chini, inabidi kurudi nyuma, na katika nchi hii kurudi nyuma ni kazi inayolipwa vibaya kuliko kukoroga dawa.

Kabla ya satelaiti kuwaonyesha marubani wa mashamba mistari ya kupita, mistari ilionyeshwa na wanawake. Mwanamke alisimama mwisho wa shamba na kitambaa cheupe kwenye kijiti. Ndege ilimlenga yeye. Ikikaribia, alipiga hatua kumi na mbili kando, akasimama tena, akaunyoosha mkono. Hivyo ndivyo alivyofanya Darinka Rackov, mama yake Senka, misimu tisa, chini ya mabawa ya mtu aliyekuja kuwa mumewe.

"Ile hatua ya kumi na mbili ndiyo hatukuwahi kuifikisha," anasema Darinka, hamsini na minane sasa, ameketi barazani anamenya pilipili za kuchoma. Anakohoa, anasubiri kikohozi kimalize shughuli zake, anaendelea. "Tulifika ya tisa, dawa imeshatumwagikia. Walituambia ni kama mvua tu. Nikifua gauni maji yanatoka manjano. Na kila siku tulipewa nusu lita ya maziwa, eti maziwa yanaondoa sumu."

Maziwa. Tume zimekaa, vyama vimekuja na kuondoka, bendera za nchi zimebadilishwa, na hakuna ofisi hata moja iliyowahi kuuliza wale wanawake wa vitambaa vyeupe wako wapi na wanapumua vipi. Sisi tunaokumbuka tutaendelea kukumbusha, hata tukichosha.

Kwa upande wa juu, mambo yalikuwa na sura nyingine. Mwaka 1986 Miloje alisomeshwa urubani na kampuni ya umma. Hakulipa hata senti. Alipewa chumba, chakula, suruali mbili na buti. Kampuni ilimhitaji rubani, kwa hiyo kampuni ikamfundisha rubani. Ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Kampuni ile iliuzwa miaka ya ubinafsishaji kwa bei ambayo mjini Novi Sad ungepata nyumba mbili, na si nzuri sana. Mnunuzi aliuza ndege mojamoja, akauza matangi, akauza hata madirisha. Kwenye banda lake leo huhifadhiwa vitunguu.

Na bei ya urubani? Chuo kinachomshikia Senka nafasi kinataka euro elfu sitini na nane kwa miezi kumi na minane. Ukimaliza una leseni lakini huna kazi, maana kila shirika linataka uwe umesomea aina yake ya ndege, na masomo hayo nayo, mara nyingi, unajilipia: elfu ishirini na tano, elfu thelathini. Kisha unapewa mkataba unaosema wewe si mwajiriwa, wewe ni kampuni ya mtu mmoja, na unalipwa kwa saa ambazo magurudumu yameacha ardhi. Ukungu ukifunga kiwanja, hulipwi. Ukiugua, hulipwi.

Wakati huohuo magazeti yanalia kila mwaka kwamba dunia ina uhaba wa marubani. Kampuni ya mabasi ikikosa dereva humlipia kozi. Mwoka mikate hamuuzii mwanafunzi wake unga. Ni angani tu ambako mtu hununua kiti chake cha kazi, akakaa juu yake, akashukuru.

Familia ya Rackov haina euro elfu sitini na nane. Ina hekta nane za udongo mweusi nyuma ya makaburi, alizozipata babu yake Miloje baada ya vita. Jirani mwenye matrekta manne amezipigia hesabu. Bei aliyotaja inatosha ada, na inabakiza fedha za kununulia suti moja.

"Nimekubaliana naye kwa mdomo," anasema Miloje, akiwa amekaa kwenye tairi huku Bandi akizibua vijibomba vya bawa. "Ardhi ni ya nini kama si ya mtoto?"

Yeye hataki binti yake aruke kama yeye anavyoruka. Hilo hulisema bila kuombwa.

"Darasa letu tulikuwa kumi na mmoja. Wanne wamekufa wakiruka. Wawili nyaya za umeme, mmoja injini, mmoja usingizi. Watatu wanakohoa kama mke wangu. Waya huuoni, unaona nguzo. Ukiona waya, umeshachelewa. Mimi nimekata waya mara mbili, na mara zote mbili niliambiwa nilipe waya."

"Mara ya pili alilipa kwa awamu," Bandi anaongeza bila kugeuka.

"Sasa wewe mwandishi unamhoji nani, mimi au yeye?"

"Mwandishi amekuja kwa wenye akili. Wewe umepita tu."

Anapoulizwa kama kuna uzuri wowote, Miloje anakunja uso kama mtu aliyeulizwa siri ya chumbani. Anatazama shamba.

"Asubuhi, jua likitoka. Alizeti zote zimekugeukia uso. Unapita juu yake mita tatu, hakuna bosi, hakuna mke, hakuna benki. Dakika moja hivi. Halafu unageuza, unaanza kutafuta nguzo." Anasimama, anapima goti lake. "Kwa dakika hiyo nimefanya ujinga mwingi maishani. Yeye aende akavae shati jeupe, apelekewe chai."

Shati jeupe nalo lina mambo yake. Rubani mmoja wa ndege za abiria aliyekulia kijiji cha pili, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa sababu mkataba wake hauhifadhi kitu, alimpigia Senka simu mwezi Aprili akamweleza ukweli. Anapenda kazi yake kuliko kitu chochote. Amewahi kutua Tromsø, kaskazini mwa Norwe, kwenye theluji akatoka ndani akitetemeka kwa furaha. Anapanga chumba na marubani wengine watatu karibu na uwanja wa ndege wa nchi ya mbali. Hajalala vizuri tangu mwaka juzi, na daktari hatamwambia kamwe, kwa sababu daktari ndiye mwenye cheti.

"Aliniambia, dada, katika kazi hii mwili wako ni shahidi wa upande wa mashtaka," anasema Senka. "Nikacheka. Nikasema huyu amekunywa. Kumbe zamu ya kuulizwa hivyo ilikuwa inakuja kwangu."

Ilikuja kwa njia ya jino.

Usiku wa kuamkia vipimo, gego la chini kulia lilimwasha moto. Ndani ya kabati la jikoni kulikuwa na vidonge vya maumivu, pakiti nzima. Senka hakuvigusa. Alikuwa amesoma fomu ya kituo cha vipimo mara tatu, na fomu inauliza dawa yoyote uliyomeza siku za karibuni. Wasichana wenzake kwenye mtandao walikuwa wameonyana: kidonge kibaya kinaonekana kwenye mkojo, mkojo unakupeleka kwa mtaalamu, mtaalamu anakula miezi miwili. Kwa hiyo aliamua kuwa safi. Hakuna kidonge.

Alipewa rakija ya plamu.

Anayeshangaa hajakulia huku. Mtoto wa Banat akipata homa, soksi zake hulowekwa rakija. Akiumwa kifua, husuguliwa rakija. Jino likiuma, unashika funda moja juu ya jino, unahesabu hadi thelathini, unatema. Hiyo si kunywa. Hakuna mtu katika kijiji kizima ambaye angekuambia Senka alikunywa. Darinka alimjazia kichupa cha dawa ya kikohozi, akakifunga kwa kitambaa, akakiweka kwenye mkoba pamoja na mkate na jibini, kama mama yeyote.

"Kwenye basi nilivumilia," Senka anasimulia. "Kituoni pale nilivumilia saa mbili. Wakapima macho, nikaona hadi herufi za mwisho. Masikio, sawa. Moyo, sawa. Ikabaki kitu kidogo cha kupuliza. Na jino likaamka tena. Nikaenda chooni, nikashika funda moja, nikatema, nikafuta mdomo. Nimefungua mlango tu, muuguzi anaita, Rackov."

Alipuliza. Mashine ikatoa karatasi. Muuguzi akaisoma, akamtazama juu ya miwani.

"Umekunywa, binti?"

"Hapana, mama. Nimesukutua. Nina jino."

"Hapa kila mtu amesukutua."

"Nilitema. Chooni. Naomba nipulize tena baada ya robo saa, mdomo ukauke."

"Mashine inapuliziwa mara moja kwa mtu mmoja. Ingekuwa mara mbili, wangeandika mara mbili."

Muuguzi hakuwa mkali, Senka anasisitiza. Alimsogezea hata kiti. Alimtoa damu kwa upole, akamwambia majibu ni siku kumi, akamwandikia kwenye faili kwa mwandiko mzuri: *amesitishwa*. Robo saa ya subira ingemaliza kila kitu. Robo saa haikuwa kwenye utaratibu. Siku kumi zilikuwemo.

Hapo ndipo mtu mwenye damu mwilini hupandwa na hasira. Binti amejinyima kidonge halali ili awe mwaminifu kwa fomu, na uaminifu wenyewe ndio uliomkwaza. Unapomwambia hivyo, Senka anapandisha mabega.

"Wasingepima, wewe ungekuwa wa kwanza kuandika kwamba marubani wamelewa," anasema. Kisha anaongeza: "Lakini robo saa, jamani."

Alirudi Velika Bara jioni hiyohiyo na kichupa kikiwa nusu. Yaliyofuata jikoni kijiji kilisikia, maana madirisha yalikuwa wazi.

"Ulimpa makusudi," Miloje alimwambia mkewe.

"Mimi?"

"Hukutaka aende tangu mwanzo."

Darinka hakupandisha sauti. Hana kifua cha kupandishia sauti. "Sikiliza, mume wangu. Shamba lina jina langu pia. Ningetaka asiende, ningesema sitii sahihi, nikaenda zangu kulala. Nisingepoteza rakija ya mwaka juzi."

"Sasa kwa nini hukumpa kidonge?"

"Wewe jino lako la 2009 ulilitibu na nini?"

Miloje alifunga madirisha. Siku zilizofuata aliruka, akanyunyiza, akatua, akala, na kwa mkewe alisema maneno yanayohusu chumvi tu.

Siku za kusubiri Senka alizitumia kufanya kitu ambacho kipeperushi cha chuo, chenye picha ya machweo na kijana mwenye meno thelathini na mawili meupe, hakimshauri mtu kufanya. Alifikiri. Alifikiri akikoroga, akiendesha lori la maji, akilala upande wa kushoto kwa sababu ya gego ambalo hatimaye daktari wa meno wa mjini aliling'oa siku ya tano. Alipiga simu tatu kwenye klabu ya ndege ya Kikinda, umbali wa kilomita arobaini, kuuliza bei za saa moja moja. Hakumwambia mtu.

Siku ya kumi, saa tatu na nusu asubuhi, simu yake ililia mfukoni mwa koti lililotundikwa kwenye lori. Glavu zake zilikuwa na dawa hadi viwikoni.

"Soma, Mzee Bandi."

Bandi aliishika simu kwa urefu wote wa mkono wake, kisha akarudi nyuma hatua moja kana kwamba hiyo nayo ingesaidia. "Imeandikwa, Mheshimiwa. Wameanza na mheshimiwa, si dalili nzuri."

"Soma chini."

"Chini kuna mhuri."

"Katikati, Mzee Bandi, nitakumwagia pipa hili."

"Sifuri nukta sifuri sifuri." Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Halafu: anafaa, daraja la kwanza. Daraja la kwanza wanamaanisha wewe?"

Senka alizima pampu. Akakaa kwenye nyasi na glavu zake zikiwa hewani, mbali na uso, kama daktari wa upasuaji aliyechoka. Ilikuwa tarehe 26. Siku nne kabla ya nafasi kufungwa.

Jioni ile kwa Rackov kulikuwa na supu ya maharage na mbavu za kuvuta moshi. Miloje alikuwa amenyoa. Mezani, karibu na sahani yake, palikuwa na mkataba wa mauziano ulioletwa mchana na jirani wa matrekta manne, kurasa tatu, sehemu za sahihi zimewekewa alama ya penseli. Alisubiri binti yake amalize kula. Hakusubiri vizuri.

"Kesho mthibitishaji wa mikataba anafungua saa mbili," alisema. "Tukiwahi, mchana pesa ziko benki."

"Hatuuzi," alisema Senka.

"Hatuuzi nini?"

"Shamba."

Miloje alimtazama mkewe. Darinka akainua mikono yote miwili, mitupu.

"Cheti si umepata?"

"Nimepata."

"Sasa?"

"Baba, nimepuliza pumzi moja, nikakaa chini siku kumi. Na hapo sijaanza. Nikishalipa, mwaka wa pili sikio likigoma? Moyo ukiruka pigo moja kwenye karatasi yao? Watachukua cheti, na ada hawarudishi, nimesoma mkataba wao wote, hata yale maandishi ya sisimizi. Wewe walipokunyima cheti kwa shinikizo la damu, ule msimu wa mafuriko, ulifanya nini?"

Miloje alichukua kipande cha mkate.

"Ulilima," alisema Darinka.

"Ulilima. Tulikula mahindi yetu, tukauza mahindi yetu, mwaka uliofuata wakakurudishia. Mimi wakininyima nitarudi kulima nini? Nitamkorogea dawa yule jirani, kwenye shamba letu?"

"Kwa hiyo umeacha."

"Sijaacha. Nitakwenda kidogokidogo. Kikinda wana ndege ndogo, unalipa saa unayoruka. Nina euro elfu sita na mia moja. Leseni ya kwanza inapatikana hapo. Baadaye ya pili, baadaye nafundisha, navuta zile ndege zisizo na injini, najaza saa. Mitihani nitasoma majira ya baridi, majira ya baridi hapa watu hufanya nini zaidi ya kunenepa?"

"Miaka mingapi?"

"Sita. Saba."

"Utakuwa na thelathini na tatu. Watakuuliza ulikuwa wapi."

"Nitawaambia nilikuwa na kazi."

Miloje aliinuka na goti lake bovu, akatoka nje bila kufunga mlango. Darinka akavuta ule mkataba, akaukunja mara mbili, akauweka chini ya mguu mfupi wa meza.

Kuna watakaosema binti ameogopa. Watu hao watafutwe waulizwe kama waliwahi kuweka rehani kitu chochote kisichokuwa cha mtu mwingine. Kuna watakaosema, upande wetu, kwamba angepaswa kuligomea soko lote, akabaki ardhini akapiga kelele nasi. Kelele tutapiga sisi. Mtu anayetaka kuruka haombwi kuacha ili hoja yetu ipendeze. Anachopaswa kukataa ni kuwekewa bei ya udongo wa wazazi wake na watu ambao kesho watamkodi kwa saa. Hilo amelikataa, peke yake, akiwa na cheti mkononi, na hiyo si kazi ndogo.

Kesho yake alipiga simu chuoni. Alisimama nyuma ya banda, mbali na injini, simu ikiwa kwenye spika kwa sababu ya glavu.

"Rackov, ndiyo, tunakusubiri," ilisema ile sauti ya friji. "Umefeli vipimo?"

"Nimefaulu."

"Basi tutumie cheti na malipo ya kwanza."

"Sitakuja."

Karatasi zikasikika. "Samahani, sijaelewa. Hapa mtu hupiga kusema haji akiwa amefeli."

"Ndiyo maana nimepiga, ili muandike sababu nyingine."

"Niandike ipi?"

"Bei."

Alipokata, Bandi, ambaye hakuwa na shughuli yoyote nyuma ya banda, alikuwa amesimama pale na spana. Alimtazama binti huyo kwa muda, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika msimu huu akaufunga bila kutoa kitu.

Miloje hakusema na binti yake siku tatu. Alizungumza na jirani, ambaye alikasirika. Alizungumza na mkewe, tena zaidi ya chumvi. Kwa Senka alitumia ishara za kiwanjani: kidole gumba juu ni jaza, kiganja ni simama.

Ijumaa jioni, kazi ya alizeti ilipokwisha, walikuwa wawili tu, wakiosha ndege. Maji ya sabuni yalitiririka kwenye bawa. Senka alikuwa juu ya ngazi na brashi, baba yake chini na bomba.

"Kikinda nani anafundisha siku hizi?" Miloje aliuliza, akilitazama gurudumu.

Senka alimtajia jina la mwalimu.

"Namjua." Akamwaga maji mahali palipokuwa pameshaoshwa. "Mwoga. Hashindwi kazi, lakini anashikilia usukani pamoja na mwanafunzi hadi mwisho, mwanafunzi hajui nani ametua. Mwambie akuachie."

"Nimwambieje, baba? Ni mwalimu."

"Mwambie saa umelipa wewe."

Senka ana saa yake ya kwanza ya kuruka kesho, saa moja na nusu asubuhi, upepo ukiruhusu. Anatumaini kufika Septemba akiwa ameruka peke yake, na kufika miaka thelathini na mitatu akiwa anakaa mbele kwenye ndege yenye watu nyuma, hekta nane zikiwa bado zina jina la Rackov. Kama haitakuwa hivyo, anasema, mahindi nayo yana bei. Miloje ataazima gari la Bandi ampeleke. Amesema atabaki nje ya uzio.